Fundi na Dirisha Jeusi

Fundi wa kompyuta wa hospitali ana kipanya, ila kazi ya kipanya hicho ni kuzuia karatasi zisipeperuke. Mwenyewe huandika amri kwenye dirisha jeusi la skrini, huweka proksi ya kunasa ujumbe katikati ya programu na seva, kisha husoma kila ujumbe unaopita, midomo ikimchezacheza. Leo nyuma yake amesimama muuguzi, macho mekundu. Daktari amemgombeza mbele ya wagonjwa kwamba hakutuma majibu ya vipimo.

"Hebu tuma tena, dada."

Mistari inapita. Midomo inatulia.

"Wewe unatuma vizuri. Seva ndiyo inayoyakataa, na programu inakudanganya kwamba yamefika."

Muuguzi anajitupa kitini. "Sasa daktari nitamwelezaje?"

"Wewe pumzika. Nitakwenda mimi," anasema fundi, na kuibeba kompyuta yake ya mkononi ikiwa wazi vilevile hadi wodini, mbele ya wagonjwa walewale.