Wamama wa Itara Walipoona Game Zangu

Admin, tafadhali usiweke jina langu wala shule ninayofundisha, maana wanafunzi wangu wote wako kwa hii page na tayari wananiona mkali bure. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na tatu, mzaliwa wa Kakamega, mwalimu wa fizikia huku upande wa Mweiga. Niko na mchumba kutoka Tetu, anafanya kazi kwa duka la dawa Nyeri mjini. Nitamwita Wairimu, ingawa si jina lake.

Nikiwa mtoto, sokoni kwetu kulikuwa na kibanda cha video game. Watoto wenye pesa walikaa kwa benchi wakicheza, sisi wengine tunasimama nyuma yao kuangalia mpaka mwenye kibanda atufukuze. Utoto wangu wote sikuwahi kucheza hata mara moja. Mtacheka, lakini hiyo kitu iliniuma mpaka utu uzima, na sikuwa nimeambia mtu. Nilimwambia Wairimu.

Yeye ndiye aliniambia, "Si ujitengenezee, mwalimu? Fizikia yote hiyo ni ya nini?" Nikaingia mtandaoni nikajifunza. Nikanunua kale kakompyuta kadogo, bodi moja tu inayotoshea kwa kiganja, nikajaza game za zamani kwa memori kadi, nikaunganisha na TV ya mtumba yenye mgongo mkubwa. Fundi wa mbao wa pale mjini Chaka akanitengenezea sanduku, nikatoboa matundu ya vitufe vya watu wawili. Wikendi zote Wairimu alikuwa hapo. Mimi nachomelea waya, yeye ananimulikia na tochi ya simu akinichokoza, "Usichome nyumba kabla hujanioa!" Siku ilipowaka nililia, sioni haya kusema. Tukacheza vita vya vifaru. Akinishinda anaruka kutoka kwa kiti, "Nimekunyorosha, mwalimu!" Haki ya Mungu, sijawahi kuwa na raha kama hiyo.

Sasa mwezi uliopita wamama wa kwao wakaja itara, yaani kuona nyumba ambayo binti yao ataishi. Nilipiga deki mpaka magoti yakauma. Shangazi yake, ambaye yeye humwita tata, mama wa kanisa anayeogopwa huko kwao, akawa anazunguka akifungua kila mlango. Kufika chumba cha pili akaona sanduku langu na TV. "Ngai! Na hii ni ya nani? Ama muko na mtoto mumetuficha?" Wamama wakacheka. Mimi nimesimama na thamosi, nimeshafungua mdomo nijisifu kwamba tumetengeneza sisi wawili, Wairimu akaniwahi.

"Ni ya mtoto wa jirani, tata. Anakujanga kuchezea hapa."

Nikawamiminia chai.

Walipoondoka nilidhani tutaifanya mzaha. Nikamuuliza, "Na huyo mtoto wa jirani anaitwa nani?" Hakucheka.

"Ulitaka niwaambie nini? Ati mwalimu mzima anacheza katuni? Unajua tata angesema nini huko Tetu?"

"Lakini tulitengeneza pamoja."

"Wewe ndio ulitengeneza. Mimi nilikuwa nakushikia tochi."

Nikamuuliza, na vifaru je? Na kule kuruka kwa kiti? Akaangalia chini, akasema polepole, "Mwalimu, nilikuwa nakuvumilia. Nilijua hukupata utoto. Nikasema wacha amalize, tukioana ataacha. Tafadhali, kabla ya ngurario toa hiyo kitu."

Jamani, angenitusi ningepona. Kumbe nilikuwa nahurumiwa! Zile wikendi ambazo mimi nahesabu kuwa ndizo tamu kuliko zote maishani mwangu, mwenzangu alikuwa anangoja ziishe. Moyo wangu ulivunjika hapo hapo sebuleni, na vikombe vya wageni bado viko mezani.

Wenzangu wa stafurumu wananicheka, ati naacha bibi sababu ya game. Sio game. Sanduku nimeshalifungua mwenyewe, waya nimetoa, bodi iko kwa droo, na sina hamu nayo tena. Shida ni kwamba Wairimu ni mtu mzuri. Nilipolazwa na nimonia yeye ndiye alilala kwa kiti kando ya kitanda changu. Sasa hata hiyo najiuliza, alikuwa ananipenda ama ananivumilia? Juzi nimempikia mrenda, mboga ya kwetu, akasema ni tamu sana, na nikajipata simwamini. Nilienda kuosha sufuria machozi yakinitoka.

Ngurario ni Jumamosi ijayo. Kwa mila yao hiyo ndiyo harusi yenyewe, nikishakata nyama mbele ya wazee basi tumeoana. Mjomba wangu, aliyenilea, ananipigia simu kila siku kutoka Kakamega kuuliza kama avae koti, ati huku kuna baridi. Namwambia avae lile nzito. Nikikata simu nakaa tu nikiangalia ukuta.

Nyinyi mlio kwa ndoa, msinitukane, nielezeni tu. Mtu anaweza kukupenda na huku anakuvumilia, ama nimeshapata jibu langu na naogopa kulisoma? Nimwambie mjomba aje, ama abaki nyumbani?