Siku Tulipoambiwa Tumwache Mkalimani

Siku yangu ya kwanza kwenye misheni ya kulinda amani nilivalishwa kizibao cha bluu, nikakabidhiwa ufunguo wa boza, lile lori la tangi la maji, na mkuu wa karakana akaniambia, "Wewe si askari. Risasi zikilia, lala chini." Mafunzo yakaishia hapo. Mimi ni Mgogo wa Gulwe. Shule niliachia darasa la nne, udereva niliupata nikiwa utingo wa malori ya samaki wa Mtera. Hakuna mtu aliyenibeba. Walitaka madereva wa magari mazito wa kujitolea, nikaendesha mbele yao, wakanichukua.

Mjitoleaji wa kiraia, kwa mnaosikia leo kwa mara ya kwanza, ni yule asiye na cheo wala silaha. Mshahara hana, ana posho ya kujikimu. Askari analinda barabara. Raia ndiye anayepeleka maji, anayetibu, anayetengeneza redio, anayekaa na vijiji viwili vilivyogombana mpaka visalimiane. Halafu anayepigwa picha ni askari. Nalisema hilo kwa hasira na radhi siombi.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa makao makuu, kazi ya kujaza matangi ya jikoni na mabafu. Cha pili kilikuwa juu milimani, chini ya Mkuu wa Msafara, jirani yetu wa Afrika Mashariki, Kiswahili chake safi na buti zake safi zaidi. Huko ndiko nilikofanya kazi na Mariamu, mkalimani. Alikuwa mwenyeji wa pale, naye wa kujitolea, Kiswahili alikipata ukimbizini. Kila neno letu lilipita mdomoni mwake. Mkuu akisema leo kijiji fulani hakipati maji, watu hawakumchukia mkuu, walimchukia Mariamu. Alizoea kunitania: "Kaka Chibago, wewe wanakujua kwa gari. Mimi wananijua kwa sura."

Mapigano yakasogea. Tulikuwa kijijini, boza limefika nusu, akina mama wamepanga ndoo foleni, amri ikaja redioni kwamba turudi kambini mara moja. Sasa boza la nusu halishuki mlima. Maji yanayumba humo ndani, na kona ya kwanza tu yanalisukuma gari korongoni. Ama lijae, ama liwe tupu. Mkuu akaja mbio.

"Mwaga, tuondoke!"

"Niwajazie ndoo, mkuu. Maji yatakwisha hivyo hivyo."

"Hakuna muda! Fungua koki zote. Mariamu, waambie wasogee."

Mariamu akawaambia. Nikafungua. Mimi nimezaliwa mahali ambako kiangazi tunafukua mchanga wa mto kutafuta maji, na pale nikayatazama yakikimbia vumbini mbele ya watu wenye kiu. Akina mama wakaanza kuchota matope kwa viganja. Mmoja akainuka, akamtemea Mariamu mate. Sisi hakututemea.

Nikamwambia Mariamu apande. Mkuu akashika mlango.

"Huyo hapana. Amri ni kuondoa waliotoka nje ya nchi. Yeye mwenyeji, yuko nyumbani kwao."

"Nyumbani kwao, baada ya kumtuma aseme vile?"

"Chibago, usinifundishe kazi. Taratibu haziruhusu."

Mariamu akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, nendeni. Msigombane kwa ajili yangu." Anasema hivyo, na huku amekamata kizibao changu, hakiachii.

Nikazima injini. Nikachomoa ufunguo, nikautia mfukoni. Njia ya kutoka kijijini ilikuwa ya gari moja, boza langu liko mbele, msafara mzima uko nyuma.

"Basi tukae wote," nikamwambia. "Wote tuko nyumbani."

Alinitukana matusi ya kwao na ya kwetu. Kisha akauachia mlango.

Mariamu alifika kambini mzima, na mama yake akamfuata baadaye. Mimi nikarudishwa Tanzania kwa kukaidi amri. Yule mkuu akapandishwa cheo, naambiwa hotuba zake kuhusu moyo wa kujitolea ni tamu sana. Nilimalizia kazi nikipeleka maji kwenye majengo mapya Dodoma mjini, mpaka mgongo ulipokataa.

Juzi wanafunzi wa chuo walikuja huku Gulwe, wanataka kujiunga. Shikamoo zao nzuri. Binti mmoja akaniuliza, "Lakini babu, si mkuu wako alikuwa anafuata taratibu?"

"Alizifuata, mjukuu wangu. Waliozitunga hawajawahi kutemewa mate kwa maneno ya mtu mwingine."

Mwenzake akauliza: "Ukiitwa tena, utakwenda?"

"Kesho asubuhi. Ila safari hii sibishani na mtu mlangoni. Namkalisha Mariamu kitini kwanza, ndipo naigusa koki."