Vifaranga Kumi vya Bonge

Wifi yangu ana mkono wa kuchora, hilo halina ubishi. Mimi ni mfagizi katika shule ya chekechea anayofundisha, na kazi yenyewe yeye ndiye aliyenitafutia, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Akichora kuku ubaoni, watoto wanamwita aje ale. Nikichora mimi, wanauliza kama ni buli.

Mwaka mmoja polisi walianza kupita mashuleni kuchukua alama za vidole vya watoto, ili mtoto akipotea, hata akikaa miaka, ajulikane ni wa nani. Wazo zuri, lakini loh, siku ya kwanza ilikuwa balaa! Alikuja mzee wa idara ya vidole, koti jeusi, wino mweusi, na hacheki. Darasa zima likaangua kilio. Mmoja akajikojolea, na wa kupiga deki ni nani kama si mimi? Mzee wa watu akafunga mkoba wake, akasema atarudi siku nyingine.

"Rudi kesho," wifi akamwambia. "Na hilo koti liache nyumbani."

Kesho yake alikuta madawati yamesogezwa ukutani, mikeka imetandikwa chini, na kila mtoto ana kadi ngumu mbele yake. "Leo tunaangua vifaranga," wifi akatangaza. Wino mweusi aliuweka kando, akamimina rangi ya njano ya maji, ile ya darasani. Mzee alikunja uso, akajaribu kwa kidole chake, akaona mistari inatoka, akakubali. Mtoto anabingirisha kidole kwenye rangi, anakibingirisha kwenye kadi, na doa linalobaki ndilo tumbo la kifaranga. Kisha anachukua kalamu na kumtia mdomo, miguu na mkia. Vidole kumi, vifaranga kumi.

Mzee alikuwa na sharti moja tu. "Choreni pembeni. Ndani ya doa msiguse. Hiyo mistari ndiyo inayomtambulisha mtoto."

Jamani, watoto waligombania zamu! Yule mzee waliyemlilia jana wakambatiza Babu Wino, wakampaka rangi mpaka masikioni. Mtoto wa wifi na kaka yangu, tuliyemwita Bonge kwa mashavu yake, alikuwa na miaka mitano na alikuwemo humo. Alikandamiza dole gumba kwa nguvu zake zote, akaniita, "Shangazi, ona! Huyu ni mimi, ameshiba." Jioni kila mtoto akaondoka na kadi yake, mzazi akaitunze.

Mwaka uliofuata Bonge akapotea. Stendi ya mabasi, saa nne asubuhi. Wifi alimwachia mkono afunge mzigo uliofunguka kamba, na alipoinua kichwa mtoto hayupo. Tulitafuta mpaka viatu vikaisha soli. Polisi waliiangalia kadi, wakamrudishia mama mtu. "Itunze vizuri, Mwalimu. Siku tukipata mtu tutaihitaji."

Akaitunza. Mungu wangu, aliitunza! Aliitia kwenye fremu, akaitundika chumbani mbele ya kitanda, pale jua la dirishani linapofika. Na rangi ya maji ni rangi ya maji. Mwaka wa tatu vifaranga walianza kupauka. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya ile fremu, ananiambia, "Wifi, mwanangu anaondoka mara ya pili." Nikatoka mbio dukani nikamnunulia kalamu ya ncha nyembamba kuliko zote. Nilijiona nimefanya la maana.

Tangu hapo, kila siku ya kuzaliwa ya Bonge, alikuwa anaishusha kadi, anaketi mezani, anapitisha kalamu juu ya ile mistari, mmoja mmoja, kwa mkono wake mzuri. Ikifutika hapa, anaiunganisha. Ikikatika pale, anakumbuka ilivyokuwa. Kaka yangu alikaa pembeni akimtazama, na sote tulimsifu. Hakuna hata mmoja wetu, wenye akili zetu timamu, aliyekumbuka sharti la Babu Wino.

Mwaka wa kumi na moja Babu Wino alikuja nyumbani, kazeeka, na bahasha mkononi. Hakuzunguka. Katika mji wa mbali lori lilipinduka, likamuua kijana wa miaka kumi na saba hivi. Uso uliharibika. Wenzake walisema alilelewa na watu waliomwokota stendi akiwa mdogo, hakujua kwao. Hakuna aliyejitokeza, halmashauri ikamzika, lakini kabla ya hapo walichukua alama za vidole vyake.

"Nipe kadi, Mwalimu. Leo utajua."

Wifi aliishusha mwenyewe, akaifuta vumbi kwa upande wa khanga. Mzee akatoa kioo chake cha kukuzia. Alitazama kifaranga cha kwanza, cha pili, akarudi cha kwanza. Alipofika cha kumi akaisogeza kadi kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii kalamu ni ya nani?"

"Yangu," wifi akasema. "Ilikuwa inafutika."

Mzee akaweka kioo chini. "Mwalimu, chini ya wino wako hakuna kilichobaki. Hii mistari niionayo si ya mtoto. Ni ya mkono wako."

"Kwa hiyo ni yeye au si yeye?"

"Sijui, mama. Na kwa kadi hii, hakuna atakayejua."

Kaka yangu akauliza kama hakuna kipimo kingine. Vipimo vya vinasaba miaka hiyo tulivisikia redioni tu. Mzee akatikisa kichwa, akalia mbele yetu bila haya, mtu mzima yule.

Nilishindwa kuvumilia. "Wifi, nilaumu mimi. Kalamu nilikununulia mimi."

"Ulinunua kalamu tu," akanijibu, bila hasira, na afadhali angenitukana. "Mkono ni wangu."

Kaka yangu alitaka tuweke matanga, tulie yaishe. Wifi akakataa. Akasema hawezi kumzika mtoto ambaye labda yuko njiani anarudi, na hawezi kumngoja mtoto ambaye labda yuko kaburini peke yake. Kwa hiyo hatukulia, na kungoja pia kukatushinda.

Jumatatu akarudi kazini. Siku ya vifaranga ilipofika hakuiahirisha. Safari hii alimimina wino mweusi wa polisi, akapita kila mkeka akisema, "Nje ya doa, wanangu, nje ya doa." Watoto walicheka kama kawaida, wao watajuaje?

Kabinti kamoja kakamletea kadi na kalamu. "Mwalimu, nichoree wewe. Wewe unajua."

Nilisimama na fagio langu mlangoni. Wifi aliitazama ile kalamu, akaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Chora mwenyewe, mama," akamwambia. "Mimi nitakuharibia."