Mama wa Lojingi na Miiba ya Ngege

Mama mwenye lojingi, nyumba ya kulala wageni pale Malaba mpakani, hufuta kioo cha televisheni kwa ncha ya leso kabla ya kuiwasha, kisha huketi na sahani ya samaki aina ya ngege wa kukaanga, akitoa miiba kwa vidole visivyo na haraka. Jumamosi ile, katikati ya mchezo wa kuigiza wa manesi wawili wa kike, picha iliruka ghafla hadi onyesho jingine na madereva wa malori waliokuwa wakitazama naye wakaanza kuzozana. "Hao wanapendana, ndiyo maana serikali imekata," alisema Okwara. "Ni marafiki tu. Hiyo ni eria ya juu ya paa inasumbua," akajibu Wabwire, dereva mwenzake.

Mama hakuinua macho. "Kukata, wamekata," alisema kwa sauti yake nzito. "Lakini wamesahau kukata vile yule nesi mrefu amepoesha chai ya mwenzake kabla ya kumpa." Wakamgeukia. Ndipo walipomwona, ingawa hufanya hivyo kila jioni, akimaliza kumtoa miiba yule ngege na kusukuma sahani nzima mbele ya Zilpa, mpishi anayeishi naye chumba cha nyuma tangu zamani. Zilpa akala. Mama akaketi wima, kidevu juu, akawatazama mmoja mmoja.

"Na hii," akauliza, "nani atakata?"