Chupa Ndani ya Godoro

Nilibandika tangazo jipya la godoro juu ya lile la zamani la soda, bila kulibandua la kwanza. Ujinga, nakubali. Lakini mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, na kazi hiyo niliipata kwa sababu tu bango lilisimama mbele ya lango langu hapa Mumbuni.

Mchana lilipendeza. Jioni taa zilizo ndani ya bango zilipowaka, chupa ya soda ikajitokeza katikati ya godoro, imelala kama mgonjwa. Waliotoka kazini wakasimama kucheka.

Asubuhi mwenye bango akaja. "Ndugu yangu, wacha tu. Nitaita mafundi wa Nairobi."

"Hawagusi," nikamwambia. "Nimeliharibu mimi, nitalitengeneza mimi. Jioni ukiona chupa, nifukuze."

Ilibaki karatasi moja tu ya akiba ya tangazo la godoro. Nilipanda ngazi na ndoo ya maji moto, nikabandua godoro, kisha nikakwangua soda kipande kwa kipande mpaka plastiki ikabaki nyeupe. Mwenye bango aliniita nishuke mara mbili. Nilijifanya kiziwi. Alasiri nikabandika ile karatasi ya mwisho, nikiisukuma kwa kitambaa isishike hewa.

Taa zikawaka. Godoro peke yake. Mwenye bango akatikisa kichwa kwa mshangao, akaniachia kazi yangu.

Jirani yangu, mama aliyenitazama tangu asubuhi akichambua maharagwe, akasema, "Kumbe uko na mikono! Sisi tulijua uko na makalio peke yake."