Doa Jeusi Kwenye Wali wa Wageni

Ilianza Jumamosi, saa saba na dakika ishirini mchana, na hadi naandika hapa masikio bado yanawaka kwa aibu. Wageni walitoka Kondoa kuja kumposa dada Zuhura, wamejaa sebuleni kwetu Chang'ombe, mama kapika wali na mbuzi, na mimi (ambaye nikiona wageni hujificha jikoni) nikaachiwa sinia nililinde.

Sasa, mwalimu wa baiolojia alituambia wali mweupe ukishaiva ni maji na wanga, protini kidogo tu, vitamini nyingi zimebaki kwenye pumba huko mashineni. Pumba! Wanazokula kuku! Sikumwamini, maana mbona basi wageni wa heshima hatuwapikii pumba? Nikachukua ayodini ya mama ya kupaka vidonda, ile inayogeuka nyeusi ikigusa wanga, nikadondosha tone moja pembeni ya sinia, nikijua nitalichota haraka. Pakawa peusi tii, kumbe wanga kweli, nikageuka kutafuta kijiko, kurudi, sinia halipo, mama kashalipeleka!

Mara nikamsikia shangazi wa mchumba huko sebuleni: "Mama Zuhura, hiki cheusi nini? Mnatutilia dawa hata mahari hatujataja?"

Mama akaapa hajui. Dada akaanza kulia. Ikabidi nitoke, chupa mkononi (kwa nini niliibeba, sijui).

"Shikamoo shangazi. Ni mimi. Nilikuwa napima wali."

"Unapima nini humo?"

"Virutubisho."

Akaitazama chupa, akanitazama mimi. "Haya, toa sumu. Onja wewe kwanza. Sio huko, hapa mbele yangu."

Mama akachota lile doa, mimi nikala upande mweupe, macho yote mdomoni kwangu.

"Ongeza."

Nikaongeza.

"Sasa tusubiri."

Tukasubiri nife. Mchuzi ukaganda mafuta, na nilipokohoa kidogo tu mjomba mmoja akavuta watoto nyuma. Mwishowe njaa ikamshinda huyo huyo mjomba, akanawa mikono, wengine wakafuata. Shangazi alikula wa mwisho, akichambua punje moja moja.

"Zuhura tumempenda," akasema. "Ila huyu mdogo wake, siku ya harusi asikanyage jikoni."

Sipimi tena chakula cha mtu, hata kikiwaka kama taa.

Asubuhi yake nikaamka mapema, nikapika uji wa kuomba msamaha, nikamwekea dada kikombe. Akaunusa, akanisogezea.

"Anza wewe."