Watoto Hawakuhesabiwa

Wiki iliyopita sisi akina mama wa kanisa tulishuka Kiritiri kuwapelekea watoto yatima unga, maziwa, sabuni na blanketi. Nilikuwa nafungua mfuko wa maziwa ya unga, na ile harufu yake ikanipanda puani ghafla. Ikabidi niketi juu ya gunia. Mwenzangu akaniuliza, "Ni presha, mama?" Nikamwambia hapana, ni mambo ya utoto.

Kama ulikuwako wakati huo, rafiki yangu, utanielewa upesi. Kama hukuwako, ngoja nikueleze. Wakati wa Imajensi, Waingereza walipokuwa wakipigana na Mau Mau waliojificha msituni, tulitolewa kwenye mashamba yetu huku juu Kibugu, karibu na msitu, nyumba zikachomwa, tukasongamanishwa wote katika kijiji kimoja. Nyumba zilibanana hivi kwamba ukipiga chafya jirani anakujibu akiwa kwake kitandani. Kuzunguka kijiji kulichimbwa handaki, ndani yake mianzi iliyochongwa ncha, na lango lilikuwa moja tu, homgadi, vijana wetu wenyewe waliopewa bunduki na serikali, wakililinda. Asubuhi kipenga kinalia, akina mama wanaenda kazi ya lazima. Wakitoka huko wanapewa muda mdogo wa kukimbia shambani kung'oa nduma kabla lango halijafungwa. Mpaka leo nasikia ile miguu yao ikikimbia. Nakumbuka moshi wa kuni mbichi, maana kuni kavu zilikuwa msituni na huko hakuna mtu wa kwenda. Na ile baridi ya mlima! Ilikuwa inaingia kwa ukuta kama mwenye nyumba.

Baba yangu alikuwa kizuizini. Nyumbani tulikuwa mama, mimi, na cucu, yaani nyanya yangu, mama ya baba.

Mama alikuwa kati ya wale wanawake wa kanisa waliopikia watoto uji. Muuguzi wa misheni, Mzungu mrefu aliyetembea kama mtu anayeogopa kukanyaga vifaranga, alileta maziwa ya unga, na akina mama wakakoroga kwa sufuria kubwa nje ya kanisa letu la udongo. Mwanzoni watoto wengi walitapika, matumbo yalikuwa yamesahau maziwa. Na si kila mtu alifurahi. Kuna waliosema, tena kwa sauti, "Huyu baba yake yuko msituni, halafu anakunywa uji wa kanisa?" Mama hakuinua hata macho. Alikuwa anachota tu. "Nionyesheni mahali huyo baba ameketi ndani ya hii bakuli," anawaambia, "nimtoe."

Jirani yetu, mlango kwa mlango, alikuwa mwanamke ambaye mume wake aliingia msituni na hakusikika tena. Alikuwa na msichana wa rika langu, bado anang'oka meno ya utoto, na mvulana anayemfuata, na kitinda mimba ambaye alikuwa ndiyo anajifunza kusimama. Halafu homa ya matumbo ikapita kijijini, na yule mama akalala mgonjwa. Mama yangu alimwosha na kumnywesha maji mpaka mwisho. Neno la mwisho alilomwambia msichana wake: "Msiachane." Hilo tu.

Cucu akawaleta kwetu. Tulilala wote pamoja, tumefinyana kama viazi kwenye chungu. Msichana alikuwa anatafuna nduma kwanza, anailainisha, ndipo anampa mdogo. Na huyo mdogo alikuwa na vituko! Kipenga cha homgadi kikilia, watu wazima wanashtuka, yeye anacheza. Anashika ukuta, anakunja magoti, anacheka. Hata cucu ambaye hakuwa mtu wa kucheka alikuwa anageuka upande.

Ndipo tukasikia kwamba misheni imefungua nyumba ya watoto yatima huko upande wa Meru. Kuna chakula, kuna vitanda, kuna shule. Msichana alimuuliza mama, "Tutaenda sote?" Mama akasema, "Nyinyi wote." Siku hiyo msichana aliimba akiosha vibuyu.

Muuguzi alikuja na mwinjilisti, wakipita nyumba kwa nyumba. Mwinjilisti akasimama mlangoni kwetu.

"Cucu, hawa watoto wa marehemu ni wangapi?"

"Ni hao Mungu ametuachia."

"Nauliza ni wangapi, cucu."

"Wewe kijana, kwani hawa ni mbuzi?"

Wanawake wakacheka. Mwinjilisti naye akacheka, lakini kwa aibu, maana alikuwa mtoto wa Embu kama sisi na mama yake mwenyewe asingemjibu swali hilo. Kwetu mtoto hakuhesabiwa. Ukitaja idadi yao umekiita kifo kije kipunguze. Cucu alikuwa amebatizwa, alijua sala zote kichwani, lakini hilo lilikuwa ndani yake kabla ya sala. Mama alikuwepo pia, akanyamaza, kwa sababu mama mkwe wake ameshajibu. Mwinjilisti hakuuliza tena. Akatupa macho, akaona msichana na mvulana wamesimama hapo nje, akamwambia muuguzi neno kwa Kizungu, naye akaandika. Mdogo alikuwa ndani, amelala.

Siku lori lilipokuja, cucu aliwapaka wote mafuta mpaka wakang'aa. Tukawasindikiza hadi langoni, mdogo akiwa mgongoni kwa mama. Homgadi akatazama karatasi ya ruhusa ambayo muuguzi alipewa na afisa.

"Nyumba hii ni watu wawili. Huyu wa mgongoni ni wa nani?"

"Ni ndugu yao," mama akasema.

"Ruhusa haimjui."

Muuguzi aliomba, akaomba tena, uso ukawa mwekundu. Homgadi akasema afisa yuko Embu mjini, aende akamwambie huko. Na dereva hangeweza kungoja, kafyu, ile amri ya kutotembea usiku, ingemkuta njiani.

Ndipo cucu akasonga mbele. Akasimama mbele ya yule kijana mwenye bunduki, kijana ambaye yeye ndiye aliyempokea siku ya kuzaliwa. Akaweka mkono kwa kichwa cha msichana. "Mmoja," akasema. Akaweka kwa mvulana. "Wawili." Mkono ukapanda mgongoni kwa mama. "Watatu. Umesikia? Nimesema. Ni watatu."

Wanawake wakashika midomo. Homgadi alitazama viatu vyake.

"Cucu," akasema polepole, "si ungesema siku ile."

Msichana akasema yeye basi hapandi, atabaki na mtoto. Mvulana alikuwa tayari juu ya lori, analia. Mama akamshika msichana mabega.

"Panda. Yule kule juu hana mtu. Huyu ana sisi."

"Lakini mama alisema..."

"Nilikuwepo. Najua alisema nini. Panda, mwanangu."

Akapanda. Kipenga kikalia lango lifunguliwe, na mdogo akaanza kucheza hapo hapo mgongoni.

Hakumaliza mvua za msimu huo. Kikohozi kilimshika kifuani. Muuguzi alikuja na ruhusa yake mpya tukiwa tumeshamzika, akaketi chini matopeni na gauni lake jeupe. Cucu alisema ni yeye, amemhesabu hadharani na kifo kikasikia. Mama alisema hapana, ni kwa sababu hakuhesabiwa mapema. Walipikia jiko moja miaka mingi, wakasali pamoja kila jioni, na kwa jambo hilo hawakupatana mpaka cucu alipolala usingizi wa mwisho.

Imajensi ilipoisha tulirudi mashambani kwetu. Kijiji kilibomolewa, handaki likafukiwa, kanisa la udongo likaanguka lenyewe. Wale akina mama wa sufuria wamebaki wachache, na leo pale ni majani chai matupu, mazuri sana, hungejua kulikuwa na watu. Msichana alirudi akiwa mwanamke mzima, mwalimu. Alitaka aonyeshwe kaburi la mdogo wake. Mama akatangulia kwenye mistari ya chai, akasimama. "Ni hapa." Akasonga kidogo. "Ama ni hapa." Halafu akashindwa kabisa, akajifunika uso na leso.

Yule mwanamke hakumlaumu. Alivua viatu, akavishika mkononi, akatembea mstari baada ya mstari, polepole, akitazama mahali anapokanyaga. Sisi tulingoja kando ya barabara mpaka akamaliza shamba lote.